Mahindi yalisafiri, majivu yakabaki
Leo nimemenya hindi moja nikabaki nalikodolea macho kama sijawahi kuliona. Punje zimebanana, maganda yamezifunga gubigubi. Bila mkono wa mtu haliwezi hata kujipanda. Babu yake ni nyasi ya Mexico yenye punje chache, ngumu kama kokoto. Wakulima walianza kuibadilisha miaka kama 9,000 iliyopita, kwa kuchagua mbegu tu.

Wenyeji wa huko waliyachemsha mahindi kwa majivu au chokaa. Wazungu wakabeba mbegu baada ya Kolombo kufika Amerika 1492, mapishi wakayaacha hukohuko. Maskini wa Italia na Hispania, waliokula karibu mahindi matupu, wakaugua pelagra: ngozi inababuka, akili inavurugika, yote kwa kukosa niasini, vitamini ambayo ndani ya mahindi imefungika, mwili hauipati. Kumbe majivu ndiyo yaliyokuwa yakiifungua. Jamani, majivu!