Kumtambua Nondo Usiku: Mkao Kwanza, Rangi Baadaye

Mtu akiliandika neno nondo kwenye intaneti huletewa kwanza vyuma vya kusukia nguzo za zege, na mdudu mwenyewe huja baadaye sana, pengine akiwa amechanganywa na kipepeo. Hali hiyo hainishangazi, kwani nondo hatumjui. Katika oda ya Lepidoptera, yenye vipepeo na nondo kwa pamoja, zimekwisha kuelezwa zaidi ya spishi 150,000, na vipepeo ni takriban 18,000 tu kati ya hizo. Waliobaki wote ni nondo, na wengi wao huruka wakati ambapo sisi tumekwisha kufunga madirisha. Ndiyo sababu kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitundika shuka jeupe nje usiku, nikiliangazia taa, na kukaa kando yake na daftari.

Shuka halina siri, ila liwe jeupe kweli na livutwe lisipeperuke. Taa ndiyo yenye mambo mengi. Macho ya nondo huona vizuri miale ya urujuanimno ambayo jicho la binadamu haliioni, hasa ile yenye urefu wa mawimbi wa kati ya nanomita 350 na 400, na kwa hiyo taa ya zebaki huita wadudu wengi kuliko balbu ya manjano. Lakini taa hiyo hula umeme, huwa ya moto sana, na ikidondokewa na mvua hupasuka. Yangu ilipasuka usiku wa pili, kwa sababu niliiacha bila kifuniko nikijiaminisha kwamba mawingu yale yalikuwa ya kupita. Tangu hapo ninatumia taa ya LED ya urujuanimno inayokwenda kwa betri, na ninavaa miwani ya kuzuia miale hiyo, maana anayeikodolea taa ya namna hii kwa saa nyingi huyaumiza macho yake.

Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba nondo huifuata taa kwa kuidhania kuwa mwezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, ambao sehemu yake ilifanyiwa Costa Rica kwa kamera za kasi, ulitoa maelezo yanayokubaliana zaidi na yale ninayoyaona kwenye shuka. Mdudu arukaye huelekeza mgongo wake upande wenye mwangaza, kwa kuwa kwa mamilioni ya miaka upande huo ulikuwa ni anga; taa ikiwa kando yake huinama na kuizunguka bila kikomo, na ikiwa chini yake hupinduka na kuanguka chali. Haivutiwi roho yake, basi. Amepotezwa juu na chini. Nilipoyasoma hayo niliishusha taa yangu hadi usawa wa kifua na kutandika shuka la pili chini, na la chini ndilo linalonipa mbawakawa wengi.

Usiku nao huchaguliwa. Usiku wa giza, wenye joto, unyevunyevu na mawingu, usio na upepo, hasa baada ya mvua za mwanzo, hulijaza shuka. Mwezi mpevu hulifanya tupu. Siku za kumbikumbi mimi huizima taa kwa nusu saa hadi wapungue, la sivyo hakuna kingine kitakachoonekana. Wale wasiopenda taa kabisa hufuatwa kwa chambo: ndizi zilizoiva kupita kiasi, zikapondwa na sukari, zikaachwa zichachuke kwa siku mbili, kisha zikapakwa kwenye shina la mti wakati jua linatua. Chambo hicho hakimsaidii anayewataka nondo wakubwa wa familia ya Saturniidae, kwa sababu hao wakishakuwa na mabawa hawali chochote, bali huishi siku chache kwa akiba waliyoiweka walipokuwa viwavi.

Kuhusu utambuzi, kosa nililolifanya mwaka wote wa kwanza ni kuanza na rangi. Nilikuwa nikiandika "kahawia, madoa meupe" na kubaki na kurasa za kahawia. Rangi hupauka, magamba hupukutika, na spishi moja huweza kuwa na sura kadhaa. Mkao haupauki. Nondo aliyebana mabawa yake bapa shukani kama karatasi iliyogundishwa, yote manne yakionekana, kwa kawaida ni wa familia ya Geometridae, wale ambao viwavi wao hutembea kwa kujikunja kama wanaopima kwa shubiri. Aliyeyafunika mgongoni kama paa la nyumba huenda akawa wa Noctuidae, na hapo ndipo inapofaa kutafuta doa lenye umbo la figo kwenye bawa la mbele. Mdogo mwembamba aliyesimama kama herufi T ni wa Pterophoridae. Aliyejitandaza kama ncha ya mshale, mwili mnene uliochongoka nyuma, ni wa Sphingidae.

Huyo wa mwisho anastahili kutazamwa kwa karibu kabla hajaondoka. Haruki mara moja. Hukaa palepale akitetemesha mabawa kwa dakika moja au zaidi, shuka likitikisika chini yake, hadi misuli ya kidari ipate joto la kutosha. Ukiweka kidole karibu utausikia upepo wake. Mmoja wa familia hiyo, Acherontia atropos, mwenye alama kama fuvu mgongoni, akiguswa hulia kwa mlio mkali, akisukuma hewa kupitia mrija wake mfupi, uleule anaotobolea masega ya nyuki ili aibe asali.

Baada ya mkao huja vipapasio, kama ni uzi au unyoya. Kwa nondo wengi dume ndiye mwenye unyoya mpana, kwa kuwa ndiye anayemtafuta jike kwa harufu. Saa pia huandikwa, kwani wapo wafikao jioni tu na wapo wanaochelewa hadi baada ya saa sita za usiku.

Wageni wengine wa shuka wana mitego yao. Anayefanana na kereng'ende lakini ana vipapasio virefu vyenye rungu nchani ni mzazi wa wale wachimbao vishimo vya kutegea sisimizi mchangani. Mwenye miguu ya mbele ya vunjajungu na mabawa maangavu yenye mishipa mingi ni wa Mantispidae, wala hana undugu wa karibu na vunjajungu. Na yupo Paederus, mbawakawa mdogo mwembamba, mwekundu na mweusi, asiyezidi sentimita moja. Huyo hapondwi, hupulizwa. Nilimfuta mmoja shingoni bila kufikiri, na kesho yake usiku ukatokea mstari mwekundu uliokuja kuwa malengelenge, kwa sababu ya sumu iliyomo katika damu yake.

Picha nazipiga mbili kwa kila mdudu, ya juu na ya ubavuni, pamoja na rula. Hata hivyo spishi nyingi hazitofautishwi kwa picha, mpaka viungo vya uzazi vichunguzwe kwa hadubini, na mimi sitaki kuua kwa ajili ya jina. Daftari langu lina mistari mingi inayoishia kwenye familia tu.

Taa naizima saa kumi za usiku. Ikiwaka hadi alfajiri, ndege hujifunza njia ya shuka ndani ya siku mbili na kuwadonoa nondo waliozubaa. Kwa hiyo nalikung'uta taratibu juu ya nyasi ndefu, mbali na pale lilipokuwa, kisha nalikagua upindo mara mbili, kwa kuwa wale wa Geometridae hawatikisiki hata shuka likikunjwa.