Nyota Inayopita Utosini mwa Njombe

Leo tumeamka saa kumi kasorobo alfajiri, mimi na binti yangu wa darasa la tano, tukatoka uani tukiwa tumejifunga mablanketi juu ya makoti, kwa sababu baridi ya Njombe mwezi huu wa Septemba bado haijalegea, na umande ulikuwa umelowesha hata kigoda tulichokisahau nje tangu jana jioni. Wiki nzima nilikuwa nimemwahidi kwamba kabla mvua hazijaanza, siku ambayo mwezi utakuwa umezama mapema, nitamwonyesha nyota ambayo nimeifuatilia kwa miaka mingi, katika maandishi zaidi kuliko angani. Nyota hiyo huitwa Epsilon Eridani. Kwa mtu asiyeijua haina lolote la kumfanya asimame na kuitazama: ina mwanga wa wastani tu, na katika mji wenye taa nyingi humezwa kabisa. Lakini ukiondoa Alfa Sentauri na Sirius, hakuna nyota nyingine inayoonekana kwa macho matupu iliyo karibu nasi kuliko hiyo.

Kuna jambo jingine linaloifanya niione kuwa ya kwetu. Njombe mjini iko nyuzi 9 na theluthi moja hivi kusini mwa ikweta, nayo Epsilon Eridani iko karibu nyuzi 9 na theluthi hiyo hiyo kusini mwa ikweta ya mbinguni, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta yetu. Maana yake ni kwamba kila baada ya saa 24 kasoro dakika 4, iwe usiku au mchana, nyota hii hupita juu ya utosi wetu hasa. Niligundua jambo hilo nikiwa na ramani ya anga na ramani ya Tanzania mezani, nikazihakiki tarakimu mara tatu, kisha nikabaki nimekaa kimya kwa muda. Nilikuwa nimesoma habari zake kutoka Hawaii, Chile na Marekani, na kumbe ilikuwa ikipita juu ya bati la nyumba yangu.

Kwa kuwa ilikuwa inakaribia utosini, hapakuwa na maana ya kusimama na kuumiza shingo. Tulitandika mkeka, tukalala chali. Upande wa kaskazini Kilimia kilikuwa kimepanda vizuri, kile kikundi cha nyota ambacho wakulima wamekitumia tangu zamani kujua majira, na ambacho jina lake lenyewe linatokana na kulima. Upande wa mashariki zilionekana zile nyota tatu za Orioni zilizojipanga mstari mmoja, na karibu yake Rigel, nyeupe yenye kuelekea samawati. Nilimwambia binti yangu anyooshe mkono na kukunja ngumi, kwa sababu ngumi ya mkono ulionyooshwa hufunika takriban nyuzi 10 za anga, kisha ahesabu kutoka Rigel ngumi mbili na nusu kwenda magharibi. Alihesabu kwa sauti, akasimama kwenye nyota moja, akasema, "Baba, ni hii."

Haikuwa hiyo. Alikuwa ameshika Delta Eridani, ambayo wanaastronomia huiita pia Rana, na sikushangaa hata kidogo, maana mimi mwenyewe nilikosea hivyo hivyo mara ya kwanza. Nyota hizo mbili zimekaa karibu mno, zote ni za rangi ya chungwa, na Rana inang'aa zaidi kidogo. Ukizitazama kwa darubini ya macho mawili zote zinaingia katika duara moja, na macho yanakwambia kwamba ni ndugu. Ukweli ni kwamba Rana iko mbali karibu mara tatu zaidi, takriban miaka ya nuru 29 na nusu, yaani mwanga wake hutumia miaka hiyo kutufikia, na inaonekana angavu kwa sababu ni nyota iliyokwisha kuzeeka ikaanza kuvimba, ilhali Epsilon Eridani ni nyota kibete, yaani nyota ambayo bado inaunguza hidrojeni katika kiini chake kwa utulivu, kama linavyofanya Jua letu. Nilimwelekeza ahamishe kidole magharibi kidogo tu. Akaipata. Akaitazama kwa darubini muda mrefu, pumzi yake ikitoka kama moshi, kisha akaniuliza, "Baba, mbona hii haimetimeti kama zile za kule chini?"

Swali lile lilinifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza. Nyota humetameta kwa sababu ya hewa yetu yenyewe, ambayo haitulii. Nyota iliyo karibu na upeo wa macho hututumia mwanga kupitia hewa nene, na ile iliyo utosini hupitia hewa fupi kuliko zote. Kwa hiyo pale tulipolala, juu ya mkeka ule uliokuwa unaanza kulowa, tulikuwa tunaitazama Epsilon Eridani kupitia hewa nyembamba kuliko mtu wa Ulaya anavyoweza kuitazama. Ilikuwa imetulia. Kwa macho matupu niliiona nyeupe tu. Kwa darubini ule weupe ulikuwa kama umechovywa kidogo katika asali.

Rangi hiyo ndiyo inayowaambia wanaastronomia mambo mengi. Uso wa Jua una joto la nyuzi 5,500 hivi za selsiasi, na uso wa Epsilon Eridani una karibu nyuzi 4,800. Uzito wake ni kama asilimia 82 ya uzito wa Jua, kipenyo chake kama robo tatu ya kipenyo cha Jua, lakini mwanga inaoutoa ni theluthi moja tu ya mwanga wa Jua, kwa kuwa nyota ikipungua uzito kidogo, ukali wa moto wake hupungua sana. Kwa sababu hiyo pia nyota hizi za rangi ya chungwa huishi muda mrefu kuliko Jua. Jua limepewa takriban miaka bilioni 10. Hizi huvuka hapo kwa mabilioni mengi. Wanaotafuta uhai nje ya mfumo wetu huzipenda, kwa maana hazina haraka kama nyota kubwa, na kwa kawaida hazina vurugu kali kama za nyota kibete nyekundu.

Tatizo la Epsilon Eridani ni kwamba bado ni changa. Umri wake haujafika miaka bilioni moja, na ujana wake unaonekana waziwazi: inajizungusha mara moja kwa siku 11 hivi, ambapo Jua huchukua siku 25 hivi kwenye ikweta yake, uso wake umejaa madoa makubwa, na nguvu zake za sumaku hupanda na kushuka kwa mizunguko miwili iliyoingiliana, mmoja wa karibu miaka 3 na mwingine wa karibu miaka 13. Naomba msomaji aikumbuke mizunguko hiyo, kwa sababu ndiyo iliyowasumbua watu wenye vyombo bora duniani kwa zaidi ya miaka 30.

Mnamo Agosti 2000 ilitangazwa kwamba nyota hii ina sayari kubwa inayoizunguka kwa muda wa karibu miaka 7. Hakuna aliyeiona sayari yenyewe, kwa kuwa mng'ao wa nyota huizamisha kabisa. Kilichoonekana ni nyota kuyumba. Sayari huivuta nyota yake kidogo huku na huku, na nyota inapotujia mawimbi ya mwanga wake hubanwa, inapotukimbia hulegezwa, kwa kiasi kidogo sana kinachoweza kupimwa kwa kuuchambua mwanga huo rangi kwa rangi. Kwa Epsilon Eridani, mwendo wenyewe ni kama mita 11 na ushei kwa sekunde, yaani mwendo wa mkimbiaji hodari wa mita 100 anapokuwa katika kasi yake ya juu kabisa. Jambo hili huwa linanisisimua kila nikilifikiria: kutoka umbali wa karibu kilomita trilioni 100, mtu anapima kama tufe la moto lenye kipenyo cha kilomita milioni moja linakwenda kwa mwendo wa binadamu anayekimbia.

Lakini madoa nayo huigiza kuyumba. Doa kubwa likizunguka na uso wa nyota, huupotosha mwanga kwa namna inayofanana na mvuto wa sayari, na pale nguvu za sumaku zinapopanda na kushuka kwa miaka, kifaa kinasoma mwendo ambao haupo. Ndiyo maana wapo waliosema wazi kwamba huenda hakuna sayari yoyote, ni nyota tu inayohangaika, na hawakuwa wabishi wa bure. Ilibidi kipimo kiendelee mwaka baada ya mwaka, kwa darubini tofauti. Mwaka 2019 kikundi kimoja kiliunganisha vipimo vya miaka 30 na picha zilizopigwa kwa darubini ya Keck huko Hawaii. Katika picha hizo sayari haikuonekana, na kutoonekana huko kukawa ushahidi wenye manufaa, kwa sababu kulionyesha kwamba haiwezi kuwa kubwa kupita kiasi fulani. Kwa pamoja waliieleza sayari yenye uzito wa kama robo tatu ya Mshtarii, ambayo vitabu vyetu vya shule huiita Jupita, iliyo mbali na nyota yake mara tatu na nusu ya umbali wa Dunia na Jua, inayomaliza mzunguko kwa miaka 7 na miezi minne au mitano.

Hapa nina jambo la kukiri. Miaka michache kabla ya matokeo hayo niliwafundisha kidato cha tatu habari za sayari hii, nikachora ubaoni njia yake ikiwa imerefuka mno kama tango, kwa kuwa hesabu za mwanzo zilisema hivyo, nami nikaitaja kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Hesabu za 2019 zikaonyesha njia ambayo ni karibu duara kamili. Baadhi ya wanafunzi wale walikuwa wameendelea hadi kidato cha tano hapo hapo shuleni, nikaomba kipindi cha mwenzangu, nikaingia darasani na kuwaeleza nilichokosea na kwa nini. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo tukalifute lile tuliloandika?" Nilifikiri kidogo kabla ya kumjibu. Nikamwambia asifute, aandike pembeni tarehe ya leo na kilichopatikana baadaye. Nilikuwa nimelala usiku mbili kwa aibu, na jibu lile lilinitoka kabla sijalipima, lakini ndilo nimelishika tangu siku hiyo.

Binti yangu hakupendezwa sana na habari za kuyumba. Alipendezwa na jina. Mwaka 2015 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliiruhusu dunia nzima kupiga kura kuhusu majina ya sayari na nyota kadhaa, na nyota hii ikapewa jina la Ran, pendekezo la wanafunzi wa darasa la nane wa shule moja katika jimbo la Washington, Marekani. Katika hadithi za kale za Skandinavia Ran ni mwenyewe wa bahari, mwenye wavu wa kuwanasia mabaharia wanaozama, na sayari ikaitwa kwa jina la mumewe, AEgir. "Wanafunzi kama mimi?" akauliza. Nikamwambia wakubwa kidogo tu. Akanyamaza, na najua alikuwa anatafuta jina lake mwenyewe la kuipa nyota fulani.

Nilimweleza pia kwamba nyota hii ilikuwa kati ya mbili za kwanza ambazo binadamu alizitegea sikio kwa makusudi, akitafuta ishara za viumbe wengine. Aprili 1960, wakati uhuru wa Tanganyika ulikuwa bado mwaka mmoja na miezi minane mbele, mwanaastronomia wa Marekani, Frank Drake, alielekeza antena ya mita 26 ya Green Bank, huko West Virginia, kwanza kwa Tau Ceti, kisha kwa Epsilon Eridani, akisikiliza kwenye masafa ya redio ya hidrojeni, megahezi 1,420. Mara tu baada ya kugeukia nyota yetu, chombo kikapokea mapigo yenye nguvu. Ilibainika baadaye kwamba yalitoka hapa hapa duniani. Leo tunajua kwamba nyota ni changa mno, na kwamba imezungukwa na pete pana ya vumbi na barafu, mbali mara 70 hivi ya umbali wa Dunia na Jua. Joto la vumbi la nyota hii liligunduliwa kwa setilaiti ya IRAS iliyorushwa mwaka 1983, na pete yenyewe ikapigwa picha kutoka mlima wa Mauna Kea, Hawaii, mwaka 1998. Ni mfumo ambao bado unajengwa. Hata hivyo siwezi kumlaumu Drake kwa kusikiliza.

Ilipofika saa kumi na moja kasoro dakika chache, nyota ilikuwa imesimama juu yetu wima kabisa. Nilimwambia binti yangu kwamba mwanga unaoingia machoni mwake uliondoka kule miaka 10 na nusu iliyopita. Alihesabu kwa vidole. Ni umri wake. Mwanga ule ulianza safari katika juma lile au mwezi ule aliozaliwa, tukiwa hospitali, mama yake akiwa amechoka na mimi nikiwa nimesimama dirishani bila kujua la kufanya na mikono yangu. Hakusema kitu. Alirudi kwenye darubini.

Anga la mashariki lilipoanza kupauka tuliingia ndani, nikabandika maji ya kuoga jikoni, naye akakaa karibu na moto na daftari lake la mistari. Alikuwa ameshaandika tangu tukiwa nje, kwa mwandiko uliopinda wa gizani: "Nimeiona Epsilon Eridani, inang'aa kushinda ya jirani yake." Nikamkumbusha kwamba hiyo ya kung'aa zaidi ilikuwa Rana. Alitazama sentensi yake, akaigeuza kalamu, na pembeni akaandika tarehe, saa, na maneno haya: "Baadaye nikaoneshwa yenyewe. Iko upande wa magharibi."