Mjomba aliyekataa kununua darubini mchana

Nilikua na pesa niliyoikusanya karibu miaka miwili, kibali kimeshatoka, na kichwani bunduki nilishaichagua kitambo. Nilitaka ya .300 Winchester Magnum, aina ya risasi yenye nguvu na teke kali, basi. Ukiniuliza sababu sina ya maana, nilipenda tu jina, hilo neno magnum likikaa mdomoni unajiona mwindaji hata kama hujawahi kulala porini usiku mmoja. Mjomba nilimwomba anisindikize dukani kwa sababu yeye anawinda tangu sijazaliwa, na pia, ngoja niseme ukweli, nilitaka shahidi wa kuniona nikinunua.

Kabla hatujatoka akaomba kuona hesabu yangu. Nikampa karatasi. Juu nimeandika bunduki, imekula karibu pesa yote, alafu chini kabisa kwa herufi ndogo nimeandika "darubini, itakayobaki". Akaisoma, akaigeuza nyuma kama vile kuna mengine yameandikwa huko.

"Mjomba," akaniambia, maana sisi tunaitana hivo hivo wote wawili, "pete za kufungia darubini ziko wapi hapa? Na risasi? Au ukifika porini utarusha mawe?"

Pete hata sikujua kama zinauzwa peke yake, nilidhani darubini inakuja na vifaa vyake vyote inakaa tu juu ya bunduki. Akachukua kalamu akapiga mstari kwenye hesabu yangu yote, akaandika upya: bunduki isizidi nusu, robo na ushee iende kwenye darubini na pete zake, na kilichobaki chote ni risasi za mazoezi. Nikaona ananionea tu.

Dukani muuzaji akanitolea ile magnum, na ilikua nzuri bana, kitako cha mti kinang'aa mpaka unaona uso wako. Nilijua mjomba atapinga, nimeshajiandaa kabisa na majibu yangu, lakini hakupinga. Akauliza tu boksi la risasi 20 za magnum ni kiasi gani, na la .308, aina nyingine yenye teke dogo zaidi, ni kiasi gani, alafu akanyamaza akaniacha nigawanye mwenyewe. Nikagawanya. Na ile pesa ya mazoezi niliyoona ananionea nayo, kwa magnum ingeisha kabla sijajua hata risasi zangu zinaangukia wapi.

Muuzaji hakukata tamaa, akaleta na bunduki ya risasi aina ya 6.5 Creedmoor, akasema hii ndo kila mtu anachukua siku hizi, imetoka 2007, teke lake dogo, inaenda mbali. Mjomba akakubali kabisa kwamba ni nzuri, tena akaisifia. Lakini jicho lake lilishaganda kwenye kona, kwenye bunduki moja ya mitumba, Savage 110 ya .308, kitako kimekwaruzwa huyu na yule. Mimi nikaona aibu, nimekusanya miaka miwili nikanunue mikwaruzo ya watu? Akaniambia muundo huu uko sokoni tangu 1958, ungekua mbaya watu wangeshausahau, na .308 yenyewe ni ya 1952, ukoo mmoja na ile 7.62 ya majeshi, kwa hiyo risasi zake hutazitafuta kwa tochi. (Leo ningenunua hata .243, risasi ndogo zaidi, kwa mnyama wa ukubwa wa swala inatosha kabisa na begani ni kama imekugusa tu, ila siku ile ungenitajia .243 ningeona umenidharau.)

Kuikagua ilichukua muda mpaka nikachoka. Kwanza akahakikisha haina kitu, akatazama kwa jicho, akaingiza na kidole kidogo, ingawa muuzaji ndo ametoka kufanya hivo hivo mbele yetu. Akachomoa bolti, kile chuma kinachofunga risasi nyuma ya mtutu, akaweka karatasi nyeupe upande wa chumba cha risasi, akachungulia mtutu kwa mbele kutafuta kutu kwenye mifereji. Alafu akaja kwenye mdomo wa mtutu, akaupitishia ukucha pole pole kuzunguka, anatafuta pengo, kwa sababu pale ndo risasi inaagana na bunduki, ukingo ukiwa na jeraha upande mmoja gesi inatoka upande huo kwanza na risasi inasukumwa pembeni. Mimi macho yangu yote yalikua kwenye mikwaruzo ya kitako, yeye kitako hata hakukitazama. Mwisho akaniambia nifumbe macho, niiweke begani, nifumbue. Nilipofumbua nilikua naangalia sawa sawa juu ya mtutu bila kusogeza shingo. Ile magnum tulipoijaribu hivo hivo nilijikuta naangalia dari.

Basi bunduki ikapatikana, tena chini ya nusu. Nikafurahi kwamba sasa darubini nachagua mimi, na nilishaiona, 6-24x50, ndefu kama mkono, inakuza mara 6 mpaka 24, kioo cha mbele milimita 50, na ajabu ilikua bei sawa na ile fupi ya kawaida ya 3-9x40 iliyokua pembeni yake. Kwa akili yangu hapo hakuna cha kufikiria. Bei ileile, unachukua inayokuza zaidi, si ndio?

Mjomba akamwuliza muuzaji anafunga saa ngapi. Alafu akasema, "Hatununui sasa. Tutarudi jua likizama."

Saa nzima na nusu tumekaa nje kwenye benchi nimenuna, nampigia hesabu za basi la kurudi na yeye hata hasikii. Giza lilipoanza kuingia muuzaji, nae uvumilivu wake ulikua wa ajabu, akatutolea darubini zote mbili mlangoni. Ng'ambo kulikua na kichaka chini ya mti, umbali kama mita 80 hivi. Mjomba akaniambia kwanza nitazame kwa macho matupu, nikaona weusi tu. Nikachukua ile ndefu, nikazungusha mpaka 24. Weusi, tena unaotetemeka, na kichaka chenyewe ilibidi nikitafute, kila nikikipata kinakimbia. Nikachukua ile fupi nikaiweka kwenye 5 au 6 hivi, na nikaona majani. Jani moja moja kabisa, na kitawi kilichovunjika kinaning'inia.

Nikabaki kimya. Muuzaji ndo akanieleza, kwamba gawanya upana wa kioo cha mbele kwa ukuzaji unapata upana wa mwanga unaofika kwenye jicho: 50 kwa 24 ni kama milimita 2 tu, wakati 40 kwa 6 inakaribia 7, na mboni ya jicho la kijana gizani inafunguka mpaka kama hizo 7. Kwa hiyo ile ndefu ilikua inanipa mwanga kwa kijiko wakati jicho langu limeshaweka ndoo. Ningeipunguza ukuzaji ingejitahidi, lakini kwa bei ile, akasema mwenyewe, pesa imeishia kwenye kurefusha sio kwenye vioo. Na wanyama wenyewe wanatoka saa ngapi? Alfajiri na jioni, saa hizo hizo.

Tukaondoka na ile fupi, na pete za chuma.

Sasa hapa ndo niliharibu, na niliharibu peke yangu. Nyumbani usiku nikaifunga darubini mwenyewe, na kwa kuwa naipenda bunduki yangu kuliko kitu chochote nikapaka mafuta kila skrubu ili zisije zikashika kutu. Tukaenda uwanja wa shabaha. Mjomba akachomoa bolti, akailaza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, akachungulia ndani ya mtutu mpaka duara la karatasi ya mita 25 likakaa katikati, alafu bila kuigusa bunduki akazungusha vifundo vya darubini mpaka msalaba nao ukakaa pale pale. Risasi ya kwanza ikagusa karatasi karibu na duara. Nikamwona kama mchawi.

Tulipohamia mita 100 ikawa vurugu. Kila kliki moja, ule mlio mmoja wa kifundo cha darubini ukikizungusha, inasogeza risasi kama milimita 7 kwa umbali ule, kwa hiyo nne ni kama sentimita 3, hesabu nyepesi tu, napiga kliki nane kulia risasi inaenda juu, napiga nne chini inaenda kushoto, baada ya risasi kumi na kitu karatasi imekua kama chujio na mimi nimeshaanza kuitukana mitumba. Mjomba hakusema neno, akashika darubini kwa mkono akaizungusha kidogo, nayo ikacheza. Mafuta yangu! Skrubu za msingi wa mbele, kile chuma kinachoshika pete juu ya bunduki, zilikua zinajifungua zenyewe kila bunduki ikirusha teke. Tukafungua zote, tukafuta mafuta na spiriti, tukatia gundi ya nyuzi za skrubu kwenye zile za msingi, za pete zikakazwa kavu kwa spana ya kupima nguvu, karibu newtoni-mita 2, sio kwa hasira ya mkono, maana ukizidisha unabonyeza bomba la darubini.

Ikatulia, ila mimi ndo sikutulia. Risasi zilikua zinaangukia chini kushoto, chini kushoto. Nikasema bado darubini. Mjomba akasema haya, lete nikujazie mimi, wewe kazi yako ilenge tu. Akajaza kwa kujificha, akanipa. Nikalenga, nikavuta triga, na bunduki haikulia, ilikua ni risasi bandia isiyo na baruti, lakini ule mtutu, jamani, ulizama kama mtu ameukanyaga, na macho nilikua nimeyafumba. Mimi mwenyewe. Nyuma yangu nasikia anacheka mpaka anakohoa, na vizibo vya masikio havikunisaidia kutokusikia.

Na hiyo ni .308. Nikawaza ile magnum.

Tukaendelea hivo hivo mpaka jioni, anachanganya bandia na za kweli, nikizama anacheka, nisipozama ananyamaza, na ile kunyamaza ndo nikaanza kuitafuta. Kundi la mwisho risasi tatu zilikaa zikafunikwa na kiganja changu bila kukunjua vidole. Sio za kujisifia kwa watu wanaojua, ila nilibandua karatasi nikaikunja nikaweka mfukoni.

Zilikua zimebaki risasi nne. Nikataka kuzimaliza, akakataa, akaitoa magazini, akafungua bolti, akakagua tena kwa kidole, alafu akalala yeye kwenye mifuko ya mchanga akaielekeza bunduki tupu kule nyuma ya tuta la udongo ambako kulikua na majani marefu. Giza lilikua linaingia na wengine wote walishaondoka. Akakaa hapo muda mrefu mpaka nikahisi amesinzia.

"Mjomba, vipi?"

"Bado naona," akasema. "Subiri kidogo."