Nani atageuza meka yao?

Pale soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, meka (kopo la kupimia unga) ikigongwa nyundo kwa chini inampunja mnunuzi unga kidogo tu, lakini ukijumlisha mauzo ya siku nzima ni pesa. Ndiyo maana wamama wanaigeuza na kupitisha kidole ndani kabla ya kulipa. Juzi muuzaji mmoja alikutwa na meka ya namna hiyo. Hakuna aliyeita polisi (polisi naye angetaka unga wake). Walicheka tu, kwa sauti, mpaka wateja wakahamia meza ya pili. Jirani yake akawaongezea matabishi, konzi nzima juu ya kipimo, huku anamtazama mwenzake kwa pembeni.

Sasa kampuni ya madini nani ataigeuzia meka? Glencore, yenye makao yake Uswisi, ilikiri mahakamani mwaka 2022 kutoa rushwa katika nchi kadhaa, Kongo yetu ikiwemo. Desemba mwaka huohuo ikakubali kuilipa serikali yetu dola milioni 180, kwa mambo ya kati ya 2007 na 2018. Miaka yote hiyo!

Wanaosema mtu mdogo ana roho safi kuliko tajiri, mimi siwaamini. Yule wa matabishi mpe mgodi, tuone. Ila kesho asubuhi lazima aonane na wateja wake uso kwa uso. Mwenye hisa wa kampuni hajui hata soko la Kenya liko wapi.

Ndugu zangu wachimbaji wa Kolwezi mnaouza madini kwenye depo za wanunuzi: mzani mnaopimiwa ni wenu au wa mnunuzi?