Land Rover ya Thika ilikuwa na mkono wa serikali mbili

Kiwanda kikiyumba nchini, ubishi haukawii: serikali ikiokoe au ikae kando? Gerejini kwetu Nakuru, wateja wakisubiri gari zao, wengi hukata kauli mapema kwamba chochote kinachoshikwa na serikali hufa. Mimi siwaungi mkono. Nimelishwa na Land Rover maisha yangu yote ya ufundi, na historia yake inasema mengine.

British Leyland iliundwa Uingereza mwaka 1968 kwa kuzikusanya pamoja kampuni zilizokuwa zikigombea wanunuzi wale wale: Austin, Morris, Triumph, Rover, Jaguar na malori ya Leyland. Kufikia 1975 hela zilikuwa zimeisha, na serikali ya Harold Wilson ikachukua karibu hisa zote ili watu zaidi ya laki moja wasipoteze kazi. Huku kwetu, Leyland Kenya ilikuwa imeandikishwa mwaka mmoja kabla, kiwanda kikiwa Thika, na serikali yetu ikashika asilimia 35. Kwa hiyo Land Rover iliyounganishwa Thika miaka ile ilikuwa mali ya umma huko ilikobuniwa na, kwa sehemu, hapa ilikofungwa bolti.

Sasa niwaeleze iliponiuma. Kuna mkulima wa Mau Narok, mzee ninayemheshimu sana, aliyekuwa akisomba viazi kwa Land Rover ya Series III, ile fupi. Matope ya kule yakishika gurudumu, hafshafti, ule mtaimbo unaozungusha gurudumu, haivumilii. Unafungua bolti sita za kwenye habu, unaivuta, inatoka kipande tu. Kingine kimebaki ndani ya difu, lile boksi la gia la katikati ya ekseli, na meno yamejisokota kama kamba ya katani. Nilimbadilishia mara kadhaa. Mwishowe akaniambia, "Kijana wangu, gari nalipenda, lakini viazi havingoji." Akachukua Land Cruiser ya mtumba.

Udhaifu huo haukuwa siri. Series III ndefu ilipewa ekseli ngumu zaidi, fupi ikaachwa na ile ya zamani. Na Land Rover haikuwa mzigo kwa British Leyland. Ilikuwa inaleta faida. Faida hiyo ndiyo iliyochotwa mwaka baada ya mwaka kuziba mashimo ya idara za magari madogo, na tabia hiyo ilianza kabla serikali haijaingia. Watu waliagiza magari wakangoja hadi wakachoka, na Toyota ikajichukulia Afrika.

Yaliyofuata wanaoilaumu serikali huwa hawayataji. Mwaka 1977 aliletwa Michael Edwardes kuiongoza British Leyland, na mwaka uliofuata Land Rover ikatengwa iwe kampuni inayojisimamia. Fedha za umma zikawekwa kwenye gari lenyewe. Mwaka 1979 ikatoka ile ya injini ya V8, ambayo mpaka leo huitwa Stage One kwa kuwa ilikuwa hatua ya kwanza ya mpango huo, kisha 1983 ikaja One Ten, yenye springi za koili badala ya zile za vyuma bapa. Mtu aliyeendesha zote mbili kutoka Njoro hadi Olenguruone hahitaji kuelezwa tofauti. Mgongo wake unajua. One Ten ni gari lililozaliwa mikononi mwa serikali, na ni gari bora.

Upande wa magari madogo, serikali ilipojitoa, uliishia kwa BMW, ambayo mwaka 2000 iliuachia kundi la wafanyabiashara kwa pauni 10. Aprili 2005 kiwanda cha magari hayo cha Longbridge kikafungwa, watu kama 6,000 wakaenda nyumbani. Hapo palikuwa na wamiliki binafsi watupu. Marekani nayo ilishika karibu asilimia 60 ya General Motors mwaka 2009 na kuuza hisa za mwisho Desemba 2013. Walipakodi walipoteza zaidi ya dola bilioni 10, hasara kubwa mno, lakini magari bado yanatoka kiwandani na watu bado wanalipwa.

Ndiyo maana swali la nani mwenye hisa halinitoshi. Mimi huuliza faida inakwenda wapi, na ile sehemu inayovunjika kila siku imetengewa shilingi ngapi. Mwaka 2025 serikali yetu ilikodisha viwanda vya sukari vya Chemelil, Muhoroni, Nzoia na Sony kwa kampuni binafsi kwa miaka 30, na wengi wameshangilia kana kwamba kazi imekwisha. Mashine za Muhoroni hazijui zimekodishwa. Wakulima wa miwa wa kule wana haki ya kuonyeshwa, kwa maandishi na kila mwaka, ni roli gani za kukamulia zimebadilishwa, boila ipi imekarabatiwa, na malipo yao yalitoka baada ya siku ngapi. Mkataba ukikosa hayo, nitaupinga hadharani, hata mwenye kiwanda angekuwa nani.