Muktadha wa ufunguo uliokataa kuundwa: uzoefu wangu na OpenSSL 3.0

Programu ninayoitunza hapa Goma hutia saini za kidijitali kwenye stakabadhi za ushirika mmoja wa wauza kahawa. Tulipoihamisha seva kutoka Debian 11 kwenda Debian 12, matoleo ya mfumo endeshi wa Linux, OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche tunayoitumia, nayo ilitoka 1.1.1 ikaenda 3.0. Hapo faili zetu za zamani za PKCS#12, zinazohifadhi ufunguo pamoja na cheti chake, zilikataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vyake vilifichwa kwa RC2 ya biti 40, njia ya zamani na dhaifu ya kuficha data, ambayo sasa iko kwa mtoaji (provider, yaani moduli inayobeba algoriti) aitwaye legacy. Nikaongeza mstari mmoja wa kumpakia mtoaji huyo, na mambo yakaharibika zaidi: hata funguo mpya za RSA, algoriti tunayotumia kutia saini, ambazo hazikuwa na tatizo lolote, zikaacha kutengenezwa.

Kilichonipotezea siku mbili ni kwamba kosa lilizaliwa kwenye kuunda muktadha wa ufunguo, lakini likajitokeza mbali, kwenye kutia saini. Msimbo wetu uliandikwa if (!EVP_PKEY_keygen_init(ctx)), ilhali ctx, yaani muktadha wenyewe, ilikuwa NULL (haikuundwa) na jibu lilikuwa -2, namba ambayo kwa lugha ya C si sifuri, kwa hiyo ukaguzi ulipita kana kwamba yote ni salama. Yaya mmoja, yaani mkubwa wangu, tunayefanya naye kazi, mzoefu kuliko mimi, aliniambia, «Weka ERR_print_errors_fp, ile ya kuchapisha makosa, palepale muktadha unapoundwa, mdogo wangu.» Umeme uliporudi jioni nikafanya hivyo, na jibu likaonekana: ukimpakia mtoaji yeyote kwa mkono, yule wa default, mwenye algoriti za kawaida, hajipakii tena mwenyewe, na bila yeye RSA haipo.

Ningeweza kumpakia default kando ya legacy na kumaliza, lakini sikutaka algoriti dhaifu zikae karibu na funguo za saini. Faili za zamani nilizigeuza mara moja kwa openssl pkcs12 yenye chaguo la -legacy, nikazihifadhi upya kwa AES-256. Kisha nikaunda OSSL_LIB_CTX yetu wenyewe (libctx, muktadha wa maktaba wenye watoaji wake), nikapakia default ndani yake, na mahali pa EVP_PKEY_CTX_new_id nikaweka EVP_PKEY_CTX_new_from_name(libctx, "RSA", NULL), kila jibu likilinganishwa na sifuri kwa <= 0. Mara ya kwanza programu ilianguka wakati wa kufunga, kwa sababu nilikuwa nimeachilia libctx kabla ya ufunguo. Sasa libctx huachiliwa mwisho kabisa.