Siku Mama Mkubwa Alipopakwa Mafuta

Kwaresima ya mwaka 2011 mama mkubwa alirudishwa nyumbani Kilema, mkoani Kilimanjaro, kutoka hospitali, kiharusi kimempooza upande wa kulia na kumfunga ulimi. Wanawe wakaanza kubishana juu ya kumwita padre. Mkubwa wao alikataa kabisa: mama akimwona padre kitandani pake, atajua tumeshamkatia tamaa.

Woga huo nimeukuta katika nyumba nyingi za Wakatoliki, na unawanyima wagonjwa msaada wakati wanapouhitaji zaidi. Padre huitwa usiku wa manane, mgonjwa hajitambui tena, hawezi kuungama wala kupokea Komunyo. Akikuta mgonjwa ameshafariki, hampaki mafuta. Humwombea marehemu tu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulisema wazi mwaka 1963 kwamba Mpako wa Wagonjwa, yaani sakramenti ya kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu, si wa walio mahututi peke yao. Wakati wake umefika mara tu ugonjwa au uzee unapoanza kumtia mtu hatarini.

Katekista, mwalimu wa dini, ndiye aliyemaliza ubishi. Aliwasomea Yakobo 5:14, “Mtu wa kwenu amekuwa hawezi? Na awaite wazee wa kanisa,” kisha akauliza: hapo anayeita ni nani? Ni mgonjwa mwenyewe. Basi mwulizeni mama, maana anasikia. Wakamwuliza. Akaubana mkono wa binti yake kwa mkono wa kushoto, akaubana tena.

Kesho yake akina mama wa jumuiya, kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, walifika mapema kuandaa chumba. Meza ndogo iliwekwa upande wa kushoto, mahali anapoweza kuiona bila kugeuza shingo: kitambaa cheupe, msalaba, mishumaa miwili, maji ya baraka, pamba, glasi ya maji safi na kijiko. Redio ikazimwa, dirisha likafunguliwa, kwa sababu chumba chenye mishumaa na watu wengi humkosesha mgonjwa pumzi. Mikono yake ikatolewa nje ya blanketi.

Kwanza padre alitutoa wote nje kwa ajili ya kitubio, yaani kuungama dhambi. Asiyeweza kusema huungama kwa ishara: padre huuliza, mgonjwa hujibu kwa kichwa au kwa mkono, na inatosha. Tuliporudi alisoma Injili fupi, akamwekea mikono kichwani bila kusema neno. Watu wengi hukimbilia kuimba hapo kwa kudhani ibada imekwama, kumbe ukimya huo ni sehemu ya ibada yenyewe. Akampaka mafuta kwenye paji la uso, kisha viganjani. Mkono wa kulia ulikuwa umejikunja ngumi. Binti yake hakuvuta vidole kwa nguvu. Aliukunja kwanza mkono kwenye kifundo, kuelekea ndani, vidole vikalegea vyenyewe, kiganja kikafunguka.

Komunyo ilihitaji uangalifu zaidi. Mtu wa kiharusi akimeza huku amelala, maji huweza kumwendea mapafuni. Walimketisha wima, mito mgongoni, kidevu kimeinama kidogo, wakamjaribu kwanza kwa maji kidogo ya kijiko. Alipomeza bila kukohoa, padre alimpa kipande cha hostia, mkate wa Komunyo, kidogo kama punje ya mchele. Sheria ya kufunga saa moja kabla ya Komunyo haimbani mgonjwa, wala wanaomuuguza.

Jumuiya iliendelea kuja kila jioni. Rozari nzima ya matendo matano, yaani mafungu matano ya sala, huchukua kama dakika 20, na kwake ilikuwa nyingi mno. Kitandani walibaki watu wawili au watatu wakisali tendo moja tu, polepole, karibu na sikio lake. Wengine walimalizia sebuleni kwa sauti ya chini. Maombi ya kupaza sauti na kumwamuru ainuke yalikatazwa, na naona ilikuwa haki. Mgonjwa asiyeinuka baada ya maombi ya namna hiyo hubaki akidhani imani yake ndiyo pungufu. Zaburi anayoijua tangu utoto humsaidia zaidi, hasa ile ya 23, kwa kuwa anaweza kuifuata moyoni hata kama ulimi hautamki.

Baada ya Pasaka hali ilizidi kuwa mbaya. Mwanawe mkubwa alikwenda parokiani mwenyewe, akauliza kama inaruhusiwa kumpaka mtu mara ya pili. Padre akamjibu kwamba ugonjwa ukizidi, sakramenti hurudiwa, akachukua mafuta wakaondoka pamoja.